Udongo Kwanza, Maneno Baadaye

Mzazi mwenye mtoto wa usonji anaijua saa ngumu ya nyumbani kwake. Kwa wengi ni ile ya kurudi shule. Begi linatupwa mlangoni, na kabla hujamaliza kuuliza habari za shule mtoto yuko chini, analia na kupiga visigino sakafuni kwa sababu chakula kimepakuliwa kwenye sahani ya bluu badala ya ile nyekundu. Jirani anachungulia dirishani. Shangazi aliyekuja kutembea anatoa ile methali ya umleavyo ndivyo akuavyo, akidhani anasaidia. Unaitafuta sahani nyekundu, unaiosha, unampa. Kilio kinazidi.

Hilo la kilio kuzidi ndilo la kuzingatia. Mtoto anayedeka hutupia jicho pembeni kuona kama unamtazama, na hunyamaza akishapewa. Mtoto aliyezidiwa hana anachokidai. Sahani ni tone tu lililoangukia ndoo iliyokuwa ikijaa tangu asubuhi: darasa lenye watoto themanini, lebo ya shati inayokwaruza shingo, honi za daladala, mwalimu aliyebadilisha kipindi bila kutangaza. Alijibana siku nzima, akafika nyumbani, mahali anapojiona salama, akamwaga.

Sanaa inaweza kuipunguza ndoo hiyo kabla haijafurika. Nasema sanaa kwa maana ya kazi za mikono na sauti ambazo nyumba nyingi za kwetu zinazijua: kufinyanga, kupiga ngoma, kuimba, kuchora, kusuka, kuigiza. Hatumwandai mtoto kuwa msanii, na wewe huhitaji kujua kuchora hata kuku. Unahitaji mkeka, kitu cha kushika, na dakika chache za kila siku, saa ile ile, mahali pale pale.

Kwa nini mikono itangulie

Watu wengi wenye usonji, hata wanaozungumza vizuri, hupata shida kuzitambua hisia zao zikiwa bado changa. Moyo unakwenda mbio, tumbo linabana, viganja vinalowa, lakini taarifa hizo hazijipangi zikawa “naogopa” au “nimechoka”. Ndiyo maana swali tulilolizoea, “una nini mwanangu?”, huwa mzigo juu ya mizigo. Linamtaka atafute neno wakati ule ambao maneno yameshamkimbia.

Mikono haidai neno. Kukanda kitu kizito kunafanyisha kazi misuli na viungo, na watoto wengi hutulizwa na msukumo huo. Mdundo unaorudiwa unampa kitu anachoweza kukibashiri, naye siku nzima ameteswa na mambo yasiyobashirika. Mstari kwenye karatasi unaitoa hasira mwilini na kuiweka mbele yake, mahali anapoweza kuitazama, kuifunika au kuichana.

Niseme mapema kile ambacho sanaa haifanyi, maana wapo wanaouza matumaini kwa bei ya juu. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 9 kwa watoto 364 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 7. Waliopewa tiba ya muziki kwa miezi mitano hawakutofautiana na wenzao katika ukali wa dalili za usonji. Mwaka 2022 mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane, yaliyokusanya tafiti 26 zenye washiriki 1,165, yalikuja na habari njema zaidi: hali ya jumla na ubora wa maisha vilielekea kuwa bora kwa waliopata tiba ya muziki, ingawa katika mawasiliano tofauti haikuonekana wazi. Ninavyosoma mimi, muziki hauondoi usonji na hatuna sababu ya kuuomba uuondoe. Tunaomba jioni iliyotulia. Mtu akikuahidi kwamba vipindi kumi vya kuchora vitamponya mwanao, funga pochi uage.

Wiki ya kutazama

Usinunue chochote kwanza. Chukua daftari, mtazame mtoto kwa wiki moja, na kila anapozidiwa andika mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, na mwili wake ulifanya nini kabla ya kilio. Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa. Mmoja huanza kutembea kwa ncha za vidole. Mwingine huuma kola ya shati, au hurudia sentensi moja ya tangazo la redio, au hucheka pasipo la kuchekesha. Yupo anayenyamaza ghafla, na kimya hicho watu wazima hukifurahia bila kujua kinachokuja.

Tazama pia anachojifanyia mwenyewe ili kutulia. Kujitikisa, kupunga mikono, kuzunguka, kuchana karatasi, kupanga vizibo vya soda mstari mrefu ukutani. Mengi ya haya tumezoea kuyakataza. Kama hayamuumizi, yaache, kwa sababu ndiyo yanayokuonyesha sanaa ya kumpa. Anayefinya na kujibanza kwenye kona za kochi atapenda udongo. Anayejitikisa tayari ana mdundo, mpe ngoma. Mchanaji apewe magazeti ya zamani na vipande vya kanga zilizochakaa, achane kwa haki, kisha mbandike pamoja kwa uji wa unga kwenye katoni. Mpanga mistari ana jicho la ruwaza: shanga kubwa, vifungo, ukili. Na yule anayerudia wimbo wa tangazo mara hamsini hajakuudhi kwa makusudi, ameshachagua chombo chake, nacho ni sauti.

Udongo

Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu, ningechagua udongo wa mfinyanzi. Ni mzito, ni wa baridi, unakubali kupigwa bila kuvunjika, na mtoto akikosea hakuna kinachoonekana. Sehemu nyingi za kwetu wafinyanzi wapo. Akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kandokando ya Ziwa Nyasa, na kuviuza soko la Matema wilayani Kyela, ndio wanaojulikana zaidi, lakini huhitaji kusafiri hadi huko. Muulize anayeuza majiko ya udongo mtaani kwako akuuzie donge lililokwisha kuchujwa. Usichimbe kando ya mtaro, humo mna chupa zilizovunjika na mengine nisiyopenda kuyataja.

Ukiukosa, kanda unga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta ya kula, na maji ya uvuguvugu yasiyozidi kikombe, ukimimina kidogo kidogo hadi ushikane. Uhifadhi kwenye kopo la majarini lenye mfuniko, utadumu siku kadhaa. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa tumbo la mtoto, kwa hiyo yule mwenye tabia ya kula visivyoliwa asipewe. Mpe unga wa kawaida mkande pamoja chapati za usiku. Wapo watoto wanaokanda chapati kila jioni ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulitaja neno tiba.

Tandika gunia au mkeka mahali penye sauti chache. Gawa donge mara mbili, moja lake, moja lako. Ketini ubavu kwa ubavu, maana macho yako yakimkabili ni kazi nyingine kwake. Kisha anza kukanda lako bila kumwagiza. Piga, finya, vunja, viringisha. Hakuna chungu kinachotengenezwa. Dakika tano zinatosha kwa siku za mwanzo, na akiondoka baada ya dakika moja mwache aende, wewe endelea na lako hadi muda uishe. Kesho atajua kwamba mkeka upo na hakuna anayekamatwa.

Usiseme “tengeneza ng'ombe.” Usiseme “kizuri sana!” kila anapogusa, kwani sifa za mfululizo nazo ni kelele. Ukitaka kusema, sema unachokiona: “Unapiga kwa nguvu.” “Sasa pole pole.” Baada ya wiki mbili tatu mwili na neno vitakuwa vimeanza kufahamiana.

Wapo wasiovumilia kitu chenye majimaji viganjani. Usimshike mkono na kumchovya, utampoteza kwa miezi. Jaza mchele kwenye soksi safi, shona mdomo wake kwa nguvu, akande hiyo. Au mpe kijiti achome udongo akiwa mbali nao. Weka beseni la maji na taulo karibu ili ajue kwamba anaweza kunawa wakati wowote, na kujua hivyo tu huwapa wengine ujasiri wa kugusa.

Udongo ukishazoeleka, jaribu hili. Viringisha madonge matatu: dogo kama punje ya hindi, la pili la kukaa kiganjani, la tatu la kujaza mikono miwili. Asubuhi na jioni onyesha lako kwanza: “Leo mimi ni hili la kati, nimechoka kidogo.” Kisha ngoja. Siku atakapokusogezea donge kubwa kabla hajalia, utakuwa umepewa taarifa ambayo swali la una nini halikuwahi kuileta. Usimwambie atulie. Chukua hatua: ondokeni sebuleni, zima redio, vua shati lenye lebo.

Mfuate, kisha mshushe

Katika ngoma kuna kosa moja linalofanywa na karibu kila mtu, nalo ni kumpigia taratibu mtoto ambaye mwili wake unakimbia. Wataalamu wa tiba ya muziki wana kanuni iliyoandikwa tangu miaka ya 1940: anzia pale hisia za mtu zilipo, ndipo umwongoze. Paul Nordoff, mpiga piano wa Marekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza, walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959, walilifuata wazo hilo hadi mwisho wake. Mtoto akipiga mayowe, Nordoff hakumnyamazisha. Aliyajibu mayowe kwa kinanda, katika sauti ile ile na kasi ile ile, mpaka mtoto akatambua kwamba anasikilizwa.

Nyumbani ndoo iliyopinduliwa inatosha. Mtoto anarukaruka na kupiga kelele? Piga kwa kasi ya miguu yake. Kaa hapo nusu dakika au dakika nzima, ulingane naye. Halafu punguza, kidogo kiasi kwamba asigundue, hadi ufike karibu pigo moja kwa kila sekunde. Akikuacha na kurudi juu, rudi naye, uanze upya kushuka. Hii ni kazi ya subira, na mikono yako itachoka kabla yake.

Ambaye masikio yake ni mepesi asiletewe ndoo. Funika ngoma kwa kanga iliyokunjwa, au pigeni mapaja. Kayamba inafaa sana kwa watoto hawa: mbegu zikitembea ndani ya matete hutoa sauti isiyoshtua, na mtoto akiiegemeza kifuani huisikia kwa mwili pia. Spika kubwa iwekwe mbali. Singeli ya jirani ikianza, nayo hukimbia midundo zaidi ya 200 kwa dakika, usishindane nayo. Ingieni chumba cha ndani au mtoke mtembee, kipindi kimeahirishwa.

Sauti yako nayo ni chombo, na haigharimu. Tunga vijiwimbo vifupi, maneno matatu manne, kimoja cha kunawa mikono, kimoja cha kuvaa viatu, kimoja cha kufunga kopo. Tuni isibadilike. Kubadilisha shughuli ni mahali watoto hawa wanapojikwaa sana, na wimbo ule ule humwambia kinachokuja kabla hakijaja. Kwa kikundi cha watoto, darasani au madrasani, liko zoezi linalotokana na mwigizaji Mwingereza Kelly Hunter, aliyetumia tamthilia za Shakespeare katika kazi yake na watoto wenye usonji: watoto huketi duara, hugusa vifua vyao kwa mwendo wa mapigo ya moyo, na kusalimiana kwa mwendo huo. Sisi salamu tunazo za kutosha. “Hujambo,” kifua mara mbili, “sijambo,” kifua mara mbili. Watoto wasiozungumza huingia kwa mkono tu, na wanahesabika wamesalimia.

Mambo yakishachacha

Weka sanaa pembeni. Mtoto aliyekwisha kuzidiwa hawezi kuchagua rangi wala kufuata mdundo, na ukimletea kalamu atakurushia, kwa haki yake. Zima redio na taa kali, watoe watazamaji, keti chini karibu naye, ubavuni. Sema kidogo: “Nipo.” Usimshike isipokuwa anaelekea barabarani au anajiumiza. Akigonga kichwa ukutani, tia mto kati ya kichwa na ukuta. Pumzi zake zikianza kurefuka, sogeza kopo la udongo karibu yake bila neno. Akilichukua, sawa. Akilisukuma, sawa pia. Maongezi ya kilichotokea yangoje kesho.

Na kesho ndiyo siku ya karatasi. Carol Gray, mwalimu wa Michigan huko Marekani, alieleza mwaka 1994 namna ya kuzungumza na watoto wenye usonji kwa kuchora vikatuni vya watu wa vijiti, kila mmoja na kiputo cha alichosema na kiputo cha alichokuwa akiwaza. Ni mbinu rahisi inayofaa kabisa kwenye baraza zetu. Chora mtoto, chora mama, chora sahani ya bluu. Mwombe ajaze, au jaza wewe na kumwachia nafasi ya kukufuta: “Hapa mama aliwaza una njaa.” Ikiwa atakuchorea kengele, pikipiki, mwalimu mwenye mdomo mkubwa, usimrudishe kwenye sahani. Anakueleza ndoo ilivyojaa.

Wasiopenda vikatuni wanaweza kuchorwa mwili. Fungua katoni ya friji au unganisha kalenda za zamani, alale juu yake, umzungushie chaki. Mifuko ya saruji isitumike hata kama ni mikubwa na ya bure, vumbi lake huunguza ngozi na macho. Akishainuka, muulize moto uko wapi leo, mawe yako wapi, nyuki wako wapi. Achague rangi mwenyewe. Vitabu vingi vimeamua kwamba nyekundu ni hasira na bluu ni huzuni, lakini mtoto wako huenda anaipenda nyekundu kuliko kitu chochote duniani, kama ile sahani. Na kwa kuwa wengi wao huyachukua maneno yalivyo, usimwambie roho yako iko juu. Sema kifua kinapiga haraka.

Kuhusu michoro yenyewe, acha kuuliza “hii ni nini?” Mara nyingi si kitu, ni mkono uliokuwa unatembea. Kaa, chora chako. Ukurasa mzima wa miduara ni dakika ishirini za utulivu, hazidai maelezo.

Watu huniletea habari za Stephen Wiltshire, msanii wa London aliyezaliwa mwaka 1974, anayechora miji mizima kwa kumbukumbu baada ya kuizunguka kwa helikopta. Utotoni hakuzungumza, na inasimuliwa kwamba walimu wake walimwondolea vifaa vya kuchorea ili alazimike kuomba, na neno lake la kwanza likawa “karatasi”. Ni hadithi nzuri inayofundisha vibaya. Kwanza, watoto wengi wenye usonji hawana kipaji cha namna hiyo, na kuwatafutia ni kuwachosha. Pili, kitu kinachomtuliza mtoto hakifai kuwa mateka. Usiseme “ukimaliza hesabu nitakupa udongo,” wala “umempiga mdogo wako, leo hakuna ngoma.” Siku aliyompiga mdogo wake ndiyo siku anayoihitaji ngoma kuliko zote.

Kumaliza ni kugumu kuliko kuanza

Vipindi vingi vizuri huharibikia dakika ya mwisho. Mtoto ameshazama, mama anakumbuka chungu jikoni, anakwapua kopo, na kilio kinachofuata kinaharibu yote. Panga mwisho tangu mwanzo. Chora picha tatu kwenye kadi, mkeka, udongo, beseni la kunawia, na uzipange kwa safu. Kila hatua ikiisha, yeye mwenyewe ageuze kadi. Zikibaki dakika mbili, imba wimbo wa kopo mara ya kwanza. Ukiisha, uimbe mara ya pili mkirudisha udongo pamoja. Alichotengeneza kisivunjwe mbele yake bila ruhusa. Akitaka kukihifadhi, kiwe na mahali, hata ukingo wa dirisha. Akitaka kukivunja, avunje yeye.

Ukisafiri naye, uwe na mfuko mdogo wa kitambaa: soksi ya mchele, kamba yenye mafundo, shanga kubwa zilizotungwa kwa uzi imara, kijidaftari na penseli moja butu. Kwenye daladala, msikitini, kanisani au harusini mfuko huo utakuokoa, mradi mtoto ameshauzoea nyumbani siku ambazo hakuna haraka. Shanga ndogo zisiwemo kabisa kwa anayetia vitu mdomoni.

Shuleni mambo hutegemea mwalimu. Usiende na hotuba ya usonji. Nenda na ombi moja dogo linalowezekana katika darasa lililojaa: kadi yenye picha ya mkono, mtoto akiiweka mezani anaruhusiwa kutoka mlangoni na kukanda soksi yake kwa dakika tatu. Mwalimu akiona kwamba dakika tatu zinamwokolea kipindi kizima, atakuwa wa kwanza kukukumbusha kadi ikisahaulika.

Bibi, babu na majirani

Huko Kilifi na pwani jirani ya Kenya, watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta usonji ukielezwa kwa pepo, uchawi na laana, sambamba na maelezo ya kitabibu kama matatizo ya uzazi. Maelezo hayo hukaa pamoja katika nyumba moja, mara nyingi katika kichwa kimoja. Sishauri ubishane na mama mkwe juu ya pepo saa ya chakula. Mpe kazi. Bibi anayesuka ukili ana mikono inayorudia jambo lile lile kwa saa nzima bila kuharakisha, na mtoto akikaa karibu yake huanza kuufuata mwendo wake.

“Shikamoo bibi. Naomba mjukuu wako akae hapa jioni, umpe chane mbili tatu.”

“Marahaba. Atauharibu mkeka wangu huyu.”

“Mpe zilizokatika, bibi. Usimfundishe, mwache atazame.”

Baada ya wiki kadhaa bibi atakuwa na mengi ya kukwambia juu ya mtoto huyo, na machache juu ya pepo.

Kwa kijana wa miaka 13 au 14 badilisha vifaa kabla hajakuona mshamba. Unga wa chumvi ni wa watoto. Yeye anaweza kupiga picha kwa simu, kutengeneza midundo kwa programu ya muziki, au kuchora kwa mtindo wa Tingatinga, ambao vidoti vyake na wanyama wanaojirudia huwapendeza wengi wenye usonji. Edward Saidi Tingatinga alipouanzisha Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta zenye kung'aa kwenye vibao vya hadibodi. Kwa nyumbani tumia rangi za maji, kwa sababu harufu ya zile za mafuta inaweza kumzidi kijana mwenye pua nyepesi, na kukuumiza kichwa wewe pia.

Pa kuomba msaada

Sanaa haitibu jino. Mtoto ambaye ghafla anazidiwa mara nyingi kuliko kawaida apelekwe kwanza akaangaliwe meno, masikio na tumbo, kwani kufunga choo peke yake kunatosha kumvuruga mtoto asiyeweza kusema panapouma. Macho yakikodoka na mwili kukakamaa, fikiria kifafa, ambacho huonekana zaidi kwa watu wenye usonji, umwone daktari. Vivyo hivyo akijiumiza hadi kutoka damu au akipoteza maneno aliyokuwa nayo. Kenya ina vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanza mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyopo Kasarani, Nairobi. Tanzania zipo shule za msingi za umma zenye vitengo vya usonji, na idara ya afya ya akili ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, huwaona watoto. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya bure kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye uchelewaji wa makuzi, yaliyojengwa juu ya michezo na shughuli za kila siku za nyumbani. Ulizia kwenye kituo chako kama yanafundishwa.

Rudi kwenye daftari kila baada ya wiki tatu. Usihesabu michoro. Tazama kama muda kati ya dalili ya kwanza na kilio umerefuka, kama kilio chenyewe kimefupika, na kama ipo siku alilifuata kopo mwenyewe. Kisichosogeza lolote kwa wiki tatu kiache bila majuto, ujaribu kingine, kwani anayekimbia udongo leo huenda akautaka baada ya mwaka.

Halafu andika ukurasa mmoja kwa ajili ya dada wa kazi, mjomba au yeyote atakayebaki naye ukiwa safarini. Andika dalili zake tatu za mwanzo, mahali kopo lilipo, maneno ya wimbo wa kufunga, chakula na sahani yake, namba ya simu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: akikataa, aachwe, kopo libaki wazi.